Lualaba: Mtoto anazaliwa na kasoro ya moyo, nani ataigundua?

Katika materniti za Kolwezi, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, kila mtu anaona siku hiyohiyo: mama, mkunga, hata bibi aliyekuja kumpokea. Mguu uliopinda unaonekana pia. Lakini ukuta wa ndani ya moyo ukiwa na tundu, hakuna jicho linaloona. Mtoto analia vizuri, ananyonya, anapimwa kilo, anaandikwa kwenye kitabu, na baada ya siku mbili au tatu anarudi nyumbani Musonoie, Kapata ao Kasulo. Shida inaanza wiki chache baadaye, na mara nyingi inapewa jina lingine.

Kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo si kitu cha ajabu. Kwa hesabu za dunia, watoto 8 ao 9 katika kila watoto 1000 wanaozaliwa wanakuwa nayo. Wengi wana kasoro ndogo, na tundu lingine linajifunga lenyewe bila munganga kuligusa. Lakini karibu mmoja kati ya wanne wao anahitaji upasuaji ao matibabu mengine ya moyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maana yake ni watoto wawili hivi kwa kila 1000. Katika mji unaojaa watu kila mwaka sababu ya shaba na kobalti, materniti zinapokea watoto hao, zijue ao zisijue.

Mzima kwa wiki mbili, mgonjwa kwa miezi miwili

Kasoro inayopatikana zaidi ni tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vikubwa vya moyo. Upande wa kushoto unasukuma damu kwa nguvu kwenda mwili mzima, wa kulia unaisukuma polepole kwenda mapafuni. Ukuta ukitoboka, damu ya kushoto inavuka kwenda kulia, na mapafu yanapokea damu nyingi kuliko yanavyoweza kubeba.

Kwa nini basi mtoto anaonekana mzima mwanzoni? Sababu mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga bado imebana. Inazuia ile damu isivuke kwa wingi. Wiki zinavyopita mishipa inalegea, na kati ya wiki ya nne na ya nane mapafu yanaanza kufurika. Hapo mama anaona mambo ambayo hakuyaona materniti: mtoto ananyonya kidogo kisha anaacha ili apumue, jasho linamtoka kwenye paji la uso wakati wa kunyonya hata kukiwa na baridi, anapumua mbio akiwa amelala, kilo haziongezeki.

Anapelekwa kituo cha afya. Kifua kinapumua mbio, basi wanasema ni nimonia, anapewa antibiotiki. Anapata nafuu kidogo, kwa vile mapafu yaliyojaa damu yanashika nimonia kweli. Baada ya mwezi anarudi. Mara ya tatu amekonda, anaandikwa lishe duni. Mara ya nne familia imechoka, na maneno yanaanza nyumbani: mama alikula nini akiwa na mimba, nani alimloga mtoto, kwa nini asipelekwe kwenye chumba cha maombi. Kuomba hakuna ubaya. Ubaya ni miezi inayopita.

Maana tundu kubwa lina saa yake. Mapafu yakipigwa na damu yenye nguvu mwezi hadi mwezi, mishipa yake inakuwa migumu. Ikishakuwa migumu kabisa, damu inageuza njia, mtoto anaanza kuwa wa buluu, na kufunga tundu kunaweza kumuua badala ya kumponya. Kwa mtoto mwenye tundu kubwa hali hiyo inaweza kuanza kuingia baada ya mwaka mmoja ao miwili. Daktari wa upasuaji anayempokea akiwa na miezi sita ana kazi ya kawaida. Akimpokea akiwa na miaka saba, anaweza kuangalia ekografi, kisha akawaambia wazazi kwamba hakuna tena la kupasua. Hapo pesa zote za dunia hazisaidii.

Watoto wa buluu

Ziko kasoro adimu kuliko tundu, na hizi ndizo zinazowashangaza hata wauguzi wenye miaka mingi kazini. Inayojulikana zaidi ni ile iliyopewa jina la Étienne-Louis Arthur Fallot, munganga wa Marseille, Ufaransa, aliyeieleza vizuri mwaka 1888. Ni mambo manne kwa pamoja: tundu kwenye ukuta, njia ya kwenda mapafuni iliyobana, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu, na msuli wa upande wa kulia ulionenepa. Damu nyingine inakwenda mwilini bila kupita mapafuni. Midomo, ulimi na kucha vinakuwa vya buluu, zaidi mtoto akilia. Kwa ngozi nyeusi mtu asitazame uso tu. Afungue mdomo wa mtoto, atazame ulimi na ufizi.

Mtoto wa Fallot akifika umri wa kutembea ana alama ambayo wazazi wengi wameiona bila kuielewa. Anacheza na wenzake, anachoka, kisha anachuchumaa chini. Si uvivu. Mwili wenyewe umegundua kwamba kukunja miguu kunasukuma damu zaidi kwenda mapafuni. Ndiyo sababu mtoto mdogo akishikwa na buluu kali huku analia na kupumua kwa shida, anapaswa kukunjwa magoti hadi kifuani, atulizwe, na apelekwe hospitali upesi.

Adimu na kali zaidi ni ile ambayo mishipa miwili mikubwa imebadilishana nafasi. Damu ya mwili inarudi mwilini, ya mapafu inarudi mapafuni, kama barabara mbili za mzunguko zisizokutana. Mtoto anaishi kwa muda tu kupitia njia ndogo ambayo kila mtoto anayo tumboni, lakini hiyo inajifunga siku za kwanza. Penye dawa ya kuiacha wazi, mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo ili kupanua nafasi ya damu kuchanganyika, kazi iliyoanzishwa na William Rashkind huko Marekani mwaka 1966. Kisha mishipa inakatwa na kushonwa mahali pake, upasuaji ambao Adib Jatene alifaulu kuufanya Brazil mwaka 1975. Yote hayo ndani ya siku ao wiki chache. Tuseme wazi: mtoto wa namna hii akizaliwa leo katika kijiji cha Mutshatsha ao Lubudi, muda wake hautoshi hata kufika Lubumbashi na jina la ugonjwa mkononi. Yule wa tundu na yule wa Fallot ndio ambao muda wao unatosha, na ndio wanaopotea bila sababu.

Kipimo cha kidole na kliniki ya chanjo

Wengi walikiona wakati wa Covid: kidude kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni ya damu. Kwa mtoto mchanga kiko cha aina yake, chenye kamba laini inayozungushiwa kiganja ao mguu. Kinaitwa oksimeta. Mtoto akitimiza saa 24, muuguzi anapima mkono wa kulia na mguu mmoja. Pande zote mbili zikiwa 95 kwa mia ao zaidi, na tofauti kati yao isipite 3, mtoto anaweza kwenda nyumbani. Ikiwa chini ya 90, anaitwa munganga mara moja. Katikati ya hapo, kipimo kinarudiwa baada ya saa moja. Ni kazi ya dakika chache, haina sindano, na katika nchi nyingi tajiri ni kawaida kwa kila mtoto.

Lakini kipimo hiki kinakamata zaidi wale wa buluu. Mtoto wa tundu la kawaida anaweza kupima 98 na kupita. Huyo anakamatwa siku nyingine, na siku hiyo tayari iko kwenye kalenda ya kila mama wa Kongo: chanjo ya wiki ya sita. Ndio wakati uleule mapafu yanapoanza kufurika. Mtoto anafika, anapimwa kilo, anachomwa sindano, anarudi. Kama muuguzi angehesabu pumzi kwa dakika moja nzima, akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani, na kumuuliza mama kuhusu jasho la kunyonya, wengi wangejulikana hapo. Pumzi 60 ao zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ao 50 na zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka, ni mbio. Mbio bila homa na bila kikohozi ni sababu ya kufikiri moyo.

Baada ya hapo ni ekografi ya moyo. Mashine za ekografi ziko Kolwezi, na mama wengi wanazijua sababu ya mimba. Kwa moyo wa mtoto inatakiwa sehemu ya kupimia iliyo ndogo na ya aina nyingine, pamoja na mtu aliyejifunza kusoma moyo unaopiga mara 140 kwa dakika. Familia nyingi zinaelekezwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara inayopita Likasi. Kwa mtoto anayepumua kwa shida si safari ndogo, na kwa papa anayelipwa kwa siku ni siku kadhaa bila pesa.

Kungoja huko si lazima kuwe bure. Dawa ya kupunguza maji mwilini, furosemidi, inaweza kumshikilia mtoto wa tundu kwa miezi kama munganga anafuata kipimo cha dawa na kilo za mtoto. Kuinunua famasi bila munganga ni hatari, kipimo cha mtoto wa kilo nne si cha kubahatisha. Mama anyonyeshe kidogo kidogo na mara nyingi. Na chanjo zote zitolewe: wazazi wengine wanaziacha wakiogopa moyo, wakati surua kwa mtoto huyu ni mbaya kuliko kwa mwingine.

Na migodi?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mkaaji wa Kolwezi anauliza, na ana haki. Kasulo ilianza kuchimbwa mwaka 2014 kobalti ilipopatikana chini ya nyumba za watu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Kasulo, na watoto zaidi kuliko wakubwa, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa kartie jirani isiyochimbwa.

Kisha mwaka 2020 likachapishwa pigo kubwa zaidi, katika jarida The Lancet Planetary Health. Daan Van Brusselen, Tony Kayembe Kitenge, Banza, Benoit Nemery na wenzao walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro na 108 wasio na kasoro, katika materniti za Lubumbashi kati ya 2013 na 2015. Jambo lililojitokeza kuliko yote ni kazi ya papa. Mtoto ambaye papa wake anafanya kazi ya migodi alikuwa na hatari kama mara tano na nusu zaidi. Watafiti wenyewe walisema makadirio hayo ni mapana sana, hatari halisi inaweza kuwa kidogo juu ya mara moja ao hata mara 25. Na vipimo vya kobalti kwa mama na mtoto havikutenganisha wazi makundi mawili. Labda vumbi linaletwa nyumbani na nguo za kazi, labda mbegu ya papa inaguswa kabla ya mimba.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi wakizungumzia utafiti huo wanaliruka. Ulihesabu kasoro zinazoonekana kwa macho. Mdomo, mguu, kichwa, mgongo. Moyo haumo. Kwa hiyo anayesema imethibitishwa kwamba migodi inaleta kasoro za moyo kwa watoto wa Lualaba amekwenda mbele ya ushahidi, na anayesema imethibitishwa kwamba hailetei anadanganya vilevile. Huwezi kukuta kitu ambacho hukukitafuta, na moyo unatafutwa kwa ekografi. Oksimeta na ekografi hapa si matibabu peke yake, ni macho ya kuhesabu pia.

Kobalti na moyo vimekwisha kukutana mahali pengine. Mwaka 1965 na 1966, mjini Québec, Kanada, walevi kadhaa walikufa kwa ugonjwa wa msuli wa moyo baada ya kunywa pombe iliyotiwa kobalti ili povu lidumu. Hao walikuwa watu wazima, moyo uliharibika baadaye, si tumboni. Haituambii kitu juu ya mtoto wa Kolwezi, isipokuwa kwamba kobalti si vumbi tu.

Sababu zinazojulikana vizuri zaidi ni nyingine. Rubela inayomshika mama mwanzo wa mimba. Sukari isiyotibiwa. Pombe. Baadhi ya dawa za kifafa. Na mabadiliko ya mbegu, kama kwa watoto wa Down, ambao karibu nusu yao wana kasoro ya moyo na kila mmoja anastahili ekografi. Moyo wote unakuwa umeshaumbwa kufikia wiki ya nane, wakati mama wengi hawajaenda kliniki ya mimba hata mara moja. Katika watoto wengi sababu haipatikani kabisa. Mama hakukosa kitu.

Barabara moja na shaba

Mtoto amejulikana. Anakwenda wapi?

Kuna kasoro zinazotibiwa bila kusimamisha moyo: ile njia ndogo ya tumboni iliyokataa kujifunga ilifungwa na Robert Gross huko Boston mwaka 1938, kabla ya mashine za moyo na mapafu kuwepo. Hata mtoto wa Fallot alisaidiwa kwanza bila mashine hiyo, mwaka 1944 huko Baltimore, kwa kuunganisha mshipa wa mkono na wa mapafu. Nyuma ya Alfred Blalock aliyepasua alisimama juu ya kigoda Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na digrii, akimwelekeza kila mshono, sababu ni yeye aliyeujaribu na kuujua. Jina lake lilikaa miaka mingi bila kutajwa. Mambo hayo yanahitaji mikono iliyofundishwa kuliko majumba.

Kwa tundu kubwa na kwa Fallot kamili, lazima mashine na timu nzima. Mlango ulio wazi zaidi kwa msemaji wa Kiswahili uko Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 ndani ya uwanja wa Muhimbili. Kabla ya hapo Tanzania yenyewe ilikuwa inapeleka watoto wake India. Mmoja wa madaktari wake wa upasuaji wa watoto, Godwin Godfrey, alikwenda kusomea kazi hiyo Israeli kwa miaka kadhaa. Timu za nje zinakuja kupasua pamoja na wenyeji, na wagonjwa wa nchi jirani, Kongo ikiwemo, wanapokelewa. Faida nyingine haiandikwi kwenye bei: mama wa Kolwezi anazungumza na muuguzi bila mkalimani.

Barabara ya kwenda huko wachofa wa Lualaba wanaijua usiku na mchana. Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote, Nakonde na Tunduma, Mbeya, hadi bandarini, karibu kilomita 2000 kutoka Lubumbashi. Ni barabara ileile inayopitisha malori ya shaba na kobalti. Mtoto mwenye oksijeni ya chini hawezi kukaa siku hizo zote barabarani, na hata kupanda ndege lazima munganga akubali kwanza. Lusaka, iliyo karibu zaidi, nayo ina hospitali ya taifa ya moyo. Cape Town ina hospitali ya watoto ya Red Cross, yenye uzoefu mrefu, lakini bei yake ni nyingine.

Mashirika yanayolipia watoto yapo, na yana tabia moja ambayo wazazi wanapaswa kuijua: yanachagua kwanza mtoto anayeweza kupona kwa upasuaji mmoja. Tundu la miezi sita linachaguliwa. Tundu la miaka saba lenye mapafu magumu linakataliwa. Faili ikitumwa bila ekografi ya karibuni, bila kilo, bila oksijeni iliyopimwa, inakaa chini ya nyingine. Wazazi wadai karatasi hizo kila wanapopimwa, zenye tarehe na namba ya simu ya munganga aliyesaini, na pasi ya mtoto iombwe siku ileile ugonjwa unapojulikana, si baada ya kujibiwa.

Pesa za kuanzia haziko mbali. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekteri ao usultani wa mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kila kampuni inatoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na inasaini daftari la ahadi na wakaaji. Katika daftari hizo watu wanaomba shule, visima, barabara, majengo ya vituo vya afya. Oksimeta ya watoto wachanga kwa kila materniti haifikii bei ya tairi moja la lori la mgodi. Ekografi ya moyo na mwaka mmoja ao miwili ya masomo kwa munganga wa Kolwezi ni bei kubwa zaidi, lakini ni bei inayoandikika kwenye mstari mmoja wa daftari.